Barua ya wazi kwa wanaosimamia kozi za mwanzo za uprogramu

Kwa Mkuu wa Idara,
Mratibu wa kozi za uprogramu za mwaka wa kwanza,
na Wajumbe wa Kamati ya Mitaala.

Waheshimiwa,

YAH: WANAFUNZI KUMALIZA KOZI BILA MSIMBO WAO KUSOMWA NA MTU YEYOTE

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu.

Naandika nikiwa mkufunzi msaidizi wa maabara ya uprogramu. Suala hili nimelifikisha kwenu kwa njia zote za ndani: nimelisema vikaoni, nimeliandikia dokezo, nimelieleza ana kwa ana. Kila mara nimepokelewa kwa heshima na kuambiwa kwamba hoja ni nzuri na itafanyiwa kazi. Kisha muhula mpya umeanza na mazoezi yaleyale, kisahihishaji kilekile (programu ya kompyuta inayosahihisha kazi za wanafunzi) na mgawanyo uleule wa alama. Naliweka hadharani sasa kwa sababu wanaoumia ni wanafunzi, na wao hawana kikao cha kusemea. Tena ninavyosikia kwa wenzangu wanaofundisha kwingine, idara yetu haiko peke yake.

Lalamiko langu ni hili. Mwanafunzi anayeanza anaweza kumaliza kozi nzima, akawa ameandika maelfu ya mistari ya msimbo, yaani maandishi ya programu, bila binadamu yeyote kuusoma mstari hata mmoja, na bila kutakiwa hata mara moja kuirudia kazi aliyokwisha kuikabidhi na kuiandika vizuri zaidi. Kusomwa na kuandika upya ndiyo mambo mawili yanayomfundisha mtu kuandika msimbo bora. Sisi tumeyaondoa yote mawili, halafu mwaka wa tatu tunalalamika kwamba wanafunzi wanaandika ovyo.

Ili tuwe na picha moja, tazameni fankisheni hii, yaani kipande cha programu kilichopewa jina na kazi yake. Nimeitunga mwenyewe nisije nikamwanika mwanafunzi, lakini ya aina yake naziona kila wiki:

def f(a, b):
    if a > 17:
        if b == True:
            return True
        else:
            return False
    else:
        return False

Ni sahihi. Kisahihishaji chetu kinaipa alama zote. Sasa isomeni kama mtu ambaye hakuliona swali la zoezi. Hiyo `f` inafanya nini? Hiyo `a` ni umri, ni joto, ni idadi ya viti? Namba 17 imetoka wapi? Na kwa nini kitu ambacho tayari ni kweli au si kweli kinaulizwa tena kama ni sawa na kweli? Hii hapa kazi ileile:

UMRI_WA_KUPIGA_KURA = 18

def anaruhusiwa_kupiga_kura(umri, amejiandikisha):
    return umri >= UMRI_WA_KUPIGA_KURA and amejiandikisha

Aliyeandika ile ya kwanza si mvivu wala si mzito wa kuelewa. Aliandika kadiri wazo lilivyomjia, hatua moja baada ya nyingine, na hata programu za wazoefu huanza hivyohivyo. Alichokosa ni rasimu ya pili. Kutoka ile kwenda hii ni kazi ya dakika chache, ilimradi pawepo mtu wa kumuuliza maswali matatu: kitu hiki kinaitwaje? Namba hii ina maana gani? Masharti haya mawili hayawezi kusemwa kwa pumzi moja? Hakuna aliyemuuliza.

Naeleza kasoro moja baada ya nyingine.

1. Tunasahihisha matokeo, msimbo hatuusahihishi.

Mwanafunzi anapakia faili, kisahihishaji kinaiendesha dhidi ya majaribio yaliyofichwa, alama zinatoka. Sina ugomvi na kisahihishaji chenyewe. Ni wazo la siku nyingi: mwaka 1960, enzi za kadi za kutoboa, Jack Hollingsworth alikwisha kueleza katika jarida la ACM, chama cha wataalamu wa kompyuta, jinsi ya kusahihisha kazi za uprogramu kwa kompyuta ili kozi iweze kubeba wanafunzi wengi zaidi. Mashine inajua kama jibu ni sahihi, na inajua upesi kuliko sisi. Isichoweza kutuambia ni kama mtu mwingine ataelewa jibu hilo limepatikanaje. Nasi alama zote za msimbo, asilimia 100, tumeiachia mashine.

Mwanafunzi hufuata alama zilipo, na hatuwezi kumlaumu kwa hilo. Jaribio la nne likigoma, haulizi kwa nini. Anaongeza `if` (sharti) moja kwa ajili ya jaribio la nne. La saba likigoma, anaongeza nyingine. Siku ya kukabidhi, fankisheni imejaa masharti ambayo hata yeye hawezi kuyaeleza, taa zote ni za kijani (majaribio yote yamepita), na somo alilolipata ni kwamba uprogramu ni kubahatisha mpaka mashine inyamaze. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Uchafu wa msimbo unaweza kusafishwa, lakini mwanafunzi anayeamini kwamba kuelewa si sehemu ya kazi ni vigumu sana kumrudisha.

Anayedhani kwamba “inafanya kazi” inatosha akumbuke Februari 2014. Apple ililazimika kutoa marekebisho ya haraka kwa watumiaji wa iOS, mfumo wa simu zake, kwa sababu ya mstari mmoja. Katika msimbo unaohakiki miunganisho salama ya intaneti, maneno `goto fail;`, amri ya kuruka hadi sehemu iitwayo fail, yalikuwa yameandikwa mara mbili mfululizo. Sharti la `if` lililokuwa juu yake halikuwa na mabano ya mawimbi, kwa hiyo mstari wa kwanza tu ndio uliotawaliwa na sharti. Wa pili ulitekelezwa kila mara, ukairuka hatua ya mwisho ya uhakiki, na fankisheni ikarudisha jibu kwamba mambo ni shwari. Tena ulikuwa umejongezwa (umesogezwa ndani kwa nafasi) sawasawa na mwenzake, hivyo kwa jicho la haraka ulionekana uko mahali pake. Kurasa zilifunguka kama kawaida. Miunganisho halali ilikubaliwa kama kawaida. Kisahihishaji kama chetu, kinachojaribu tu kama halali inakubaliwa, kingetoa alama zote.

Mabano yaliyoandikwa hata pale yasipolazimika, onyo la kompaila (programu inayougeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) kuhusu msimbo usiofikika kamwe, na mtu wa pili wa kusoma: lolote kati ya hayo lingeweza kulikamata kosa hilo mapema. Kozi yetu haifundishi hata moja kwa vitendo.

2. Hakuna anayerudi nyuma.

Zoezi la kwanza likishakabidhiwa, la pili linatoka. Alama za la kwanza zinafika mwanafunzi akiwa katikati ya la tatu. Hata tungempa maoni mazuri namna gani, hana pa kuyatumia, kwa maana kazi ile imekwisha kufa na hataifungua tena.

Mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi, Hieke Keuning, Bastiaan Heeren na Johan Jeuring, walichapisha uchunguzi wa nakala zaidi ya milioni 2 za programu za lugha ya Java zilizoandikwa na wanaoanza. Walikuta kasoro nyingi za ubora, na jambo zito zaidi ni kwamba waandishi wake kwa kawaida hawakuzirekebisha, hasa zile zinazohusu kuigawa programu katika vipande. Nilipousoma uchunguzi huo sikushangaa. Nani awaambie warekebishe, na wangepata nini kwa kufanya hivyo?

Na hapa ndipo kisahihishaji, ambacho baadhi yenu mnadhani nakipiga vita, kingekuwa rafiki yetu mkubwa. Hofu kuu ya mwanafunzi anayeombwa kuandika upya ni kuharibu kilichokuwa kinafanya kazi. Akiwa na majaribio yaleyale aliyoyapita jana, hofu hiyo inakwisha: anabadilisha jina moja, anaendesha majaribio, anaitoa sehemu iliyorudiwa na kuifanya fankisheni, anaendesha majaribio, kijani kikibaki kijani, anasonga. Huo ndio mwenendo wa kila siku wa waandishi wazoefu wa programu, na vifaa vyake vyote tunavyo. Tunavizima saa ileile ambayo vingeanza kuwa na manufaa makubwa.

Kuna jingine linalotokana na mazoezi kufa mapema. Mwanafunzi hakutani kamwe na gharama ya msimbo mbaya, kwa kuwa gharama hiyo hulipwa siku programu inapobadilishwa. Chukueni zoezi letu la kukokotoa wastani wa alama. Mazoezi yana uzito wa 0.3 na mtihani 0.7, na namba hizo mwanafunzi kazitapanya kila mahali anapozihitaji. Tumwambie, wiki tatu baada ya kukabidhi, kwamba sasa mazoezi ni 0.4. Ataibadilisha sehemu moja, ataisahau nyingine, ripoti zitapingana, na atatumia jioni nzima akitafuta. Pengine atakuta 0.3 moja ambayo haikuwa uzito wa alama kabisa, ilikuwa kitu kingine chenye thamani hiyohiyo, naye kaibadilisha pia. Baada ya jioni hiyo hakuna haja ya kumhubiria kuhusu kuipa namba jina na kuiandika mahali pamoja. Nimelijaribu hili na kikundi kidogo cha maabara kwa hiari yao, nje ya alama. Swali la “kwa nini nijali?” halikuulizwa tena, na mwanafunzi mmoja aliyekuwa na fankisheni tatu zinazofanana alinionyesha mwenyewe, kabla sijasema neno, kwamba ni fankisheni moja yenye kigeu (jina linalobeba thamani) cha ziada.

3. Maoni machache tunayotoa hayamfikishi popote.

Pale ambapo mkufunzi anapata nafasi ya kuandika neno, huandika “boresha majina”, “msimbo hausomeki”, “panga vizuri”. Mwanafunzi angejua jinsi ya kuyaboresha majina, angekuwa ameyaboresha. Maoni yenye faida humwonyesha mahali msomaji alipopotea. Mfano: “Niliposoma `data2` mstari wa 14 nilidhani ni orodha ya mstari wa 6 ikiwa imepangwa. Mstari wa 30 ndipo nilipogundua kwamba ni wastani. Ungeiitaje ili nisipotee?” Sentensi chache, hakuna kashfa, na mwanafunzi anaona kwamba jina baya lilimfikisha mtu halisi kwenye wazo lisilo sahihi.

Hapa niseme pia kwamba kumpa anayeanza maoni ishirini kwa mpigo ni sawa na kutompa lolote. Kwa muhula wa kwanza ningeshikilia matatu tu: majina yanayosema kitu, kutorudia kilekile mara mbili, na fankisheni fupi yenye kazi moja. Kuna wenzetu wanaotaka kuwaingiza wanafunzi hawa moja kwa moja katika ruwaza za usanifu (mifumo iliyozoeleka ya kupanga programu) na matabaka ya urithi (sehemu za programu zinazorithi tabia za nyingine). Sikubaliani nao. Mtu ambaye bado hajaweza kukipa kigeu jina hana haja ya ruwaza, na akizishika mapema atazipachika hata pasipohitajika.

4. Mifano yetu wenyewe ni mibaya.

Fungueni slaidi za mihadhara ya kozi hii. Vigeu ni `x`, `y`, `tmp`. Programu nzima imo ndani ya kipande kimoja kinachozidi ukurasa. Maelezo yanasema `i = i + 1` ni “kuongeza i kwa moja”, jambo ambalo mstari wenyewe umekwisha kulisema. Mwanafunzi huiga anachokiona kwa mwalimu, si anachoambiwa na mwalimu, na hatuwezi kumkata alama kwa kuandika kama sisi.

Tena hatumpi msimbo mzuri wa kusoma. Tangu wiki ya kwanza anakaa mbele ya ukurasa mtupu na kuambiwa aandike. Programu fupi iliyoandikwa vizuri, isomwe kwa sauti darasani mstari kwa mstari, na swali liwe “mstari huu ukiondolewa nini kitaharibika?” Dakika 15 za namna hiyo zina thamani kuliko slaidi 15 za kanuni.

5. Zana zipo na hatuzitumii.

Mwaka 1978 Stephen Johnson wa Bell Labs alieleza programu yake iitwayo lint, inayousoma msimbo wa lugha ya C na kuonya juu ya mambo yanayotia shaka ambayo kompaila iliyaachia. Leo karibu kila lugha inayofundishwa kwa wanaoanza ina linta yake, yaani programu ya aina hiyo, bure. Lugha ya Python ina mwongozo rasmi wa mtindo, PEP 8, tangu mwaka 2001: nafasi 4 za kujongeza, mstari usiozidi herufi 79, na mengineyo. Zipo pia zana zinazoupanga msimbo zenyewe kila unapohifadhi faili.

Thamani kubwa ya zana hizi kwetu ni kuokoa muda wa mkufunzi. Mambo ya nafasi, mabano na vigeu visivyotumika yaachiwe mashine tangu siku ya kwanza, ili zile dakika chache ambazo binadamu anazo zitumike kwenye maana ya majina na mgawanyo wa kazi. Linta haiwezi kujua kwamba `hesabu_jumla` kwa kweli inakokotoa wastani. Mwanafunzi asidanganyike kwamba linta ikinyamaza basi msimbo wake ni mzuri.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayotolewa kwa sababu mengi nimekwisha kuyasikia. Naomba kuyajibu mapema.

Mtasema wanafunzi ni wengi. Tupige hesabu pamoja. Darasa la wanafunzi 200, tukisoma fankisheni moja tu ya kila mwanafunzi kwa dakika 10, ni dakika 2,000, yaani kama saa 33. Wakufunzi wasaidizi watano wakigawana, haizidi saa 7 kwa kila mmoja. Siombi hilo lifanyike kwa kila zoezi; mara mbili kwa muhula inatosha kuanzia. Muda wa kupata saa hizo upo: tuache kusahihisha kwa mkono maswali ya kuchagua ambayo kompyuta inaweza kuyasahihisha. Na wanafunzi wenyewe wanaweza kusomana. Mwaka 1976 Michael Fagan wa IBM alichapisha utaratibu wa wataalamu kukaa pamoja na kukagua msimbo wa mwenzao mstari kwa mstari, kila mmoja akiwa na jukumu lake, na tangu hapo kusomana kumekuwa sehemu ya kazi katika sehemu nyingi zinazoandika programu kwa makini. Kwa anayeanza, kusoma msimbo wa mwenzake kuna faida ya pekee, kwa sababu anahangaika kuuelewa, na kesho yake anapofungua wa kwake anajiuliza mwenzake atauelewaje.

Mtasema kwanza programu ifanye kazi, uzuri utakuja baadaye. Nakubaliana na mpangilio huo kabisa. Programu nadhifu yenye jibu la uongo haina maana. Lakini kwenye kozi yetu hakuna baadaye. Ipangieni tarehe.

Wapo watakaosema kwamba ubora wa msimbo ni suala la ladha, kila mtu na mtindo wake. Kwa nafasi na mabano ni kweli, na ndiyo maana nimesema zana ziamue ili tusibishane. Mengine hayana uhusiano na ladha. Machi 1968, jarida la ACM lilichapisha barua ya Edsger Dijkstra kuhusu amri ya `goto`, na hoja yake ilihusu akili ya binadamu: uwezo wetu wa kuvifuatilia vitu vinavyobadilika kadiri muda unavyokwenda ni mdogo, kwa hiyo maandishi ya programu yakae karibu iwezekanavyo na yale yatakayotokea programu ikiendeshwa. Fankisheni ya mistari mia mbili yenye `if` tabaka sita inamshinda msomaji kwa sababu hiyohiyo, awe na ladha yoyote.

Kwamba ipo kozi ya uhandisi wa programu mwaka wa tatu, najua. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mwanafunzi anayefika mwaka wa tatu ameandika kwa namna moja kwa miaka miwili, amepewa alama za juu kwa namna hiyo, na sasa tunamwambia aibadilishe kwa muhula mmoja, tena ndani ya mradi mkubwa wenye tarehe ya mwisho. Wengi hawabadiliki, na wale walioacha masomo kabla ya mwaka huo au waliosomea fani nyingine hawaifikii kozi hiyo kabisa.

Jibu jipya zaidi, nililolisikia kikao cha mwisho, ni kwamba akili mnemba sasa inaandika msimbo, hivyo suala hili limepitwa na wakati. Kwangu mimi ni kinyume chake. Zana hizo zinatoa msimbo mwingi kwa sekunde chache, wenye sura ya kupendeza, na mara nyingine wenye kosa lililojificha vizuri. Kazi inayobaki kwa binadamu ni kuusoma, kuamua kama unaaminika, kuona kwamba fankisheni mpya inarudia iliyopo tayari mahali pengine, na kukataa. Mwanafunzi ambaye hajawahi kusoma msimbo kwa makini atapokea chochote atakachopewa, kisha akiulizwa kwa nini mstari fulani upo hatakuwa na la kusema. Nimekwisha kuliona hilo maabara, na mwenye kazi alikuwa na alama zote.

Baada ya hayo, naomba mambo yafuatayo yaingizwe katika kozi ya muhula ujao.

Kwanza, na hili ndilo kubwa: mazoezi mawili kati ya yote ya muhula yawe na awamu mbili. Awamu ya kwanza ikabidhiwe na kusahihishwa kwa kompyuta kama sasa. Kisha mwanafunzi apate maoni ya binadamu ndani ya wiki moja, aandike upya, na akabidhi tena pamoja na aya fupi inayoeleza alichobadilisha na kwa nini. Robo ya alama za zoezi itolewe kwa awamu ya pili, na itolewe kwa maboresho, si kwa ukamilifu. Aliyeanza vibaya akapiga hatua kubwa apate alama nzuri. Bila alama, ombi hili litabaki mapambo, na mimi nisingependa liingizwe kwa namna hiyo.

Pili, zoezi moja lirudi baadaye katika muhula likiwa na mahitaji mapya, mwanafunzi aliendeleze kutoka msimbo wake mwenyewe wa zamani. Mahitaji hayo yasitangazwe mapema.

Tatu, wakufunzi wasaidizi wote tukutanishwe kabla ya muhula kuanza, tusome pamoja kazi kadhaa za miaka iliyopita zilizoondolewa majina, tuandike maoni, tulinganishe. Kwa sasa kazi ileile ikiletwa kwa wawili kati yetu hupata maneno mawili yanayopingana, na mwanafunzi anabaki akidhani kwamba kweli ni ladha.

Nne, linta na zana ya kupanga msimbo ziwekwe kwenye kompyuta zote za maabara, na slaidi za mihadhara zipitiwe upya. Kazi ya slaidi niko tayari kuifanya mwenyewe nikipewa ruhusa ya kuzigusa.

Siombi fedha wala walimu wapya, na sijaomba mada hata moja iondolewe kwenye mtaala isipokuwa ikionekana muda hautoshi. Hapo nitapendekeza tupunguze zoezi moja jipya ili moja la zamani lipate kurudiwa.

Naomba nijibiwe kwa maandishi kabla ratiba ya muhula ujao haijapitishwa, ombi kwa ombi. Kwa lile mtakaloona haliwezekani, naomba sababu iandikwe wazi, kwa kuwa wanafunzi nao wataisoma barua hii na wana haki ya kujua kwa nini kazi zao hazisomwi.

Wasalaam,

Mkufunzi msaidizi,
Maabara ya uprogramu, mwaka wa kwanza